Bunduki ya Shemeji Inacheza

Mume wa dada yangu tunamwita Simba wa Sebuleni, maana bunduki yake hutoka sebuleni tu siku anapokwenda na wenzake kulenga debe, na debe hurudi zima. Juzi aliingia karakanani kwangu akiitikisa sikioni kama kibiriti kinachoishiwa njiti.

"Fundi, inacheza. Ndiyo maana nakosa."

Kweli, ilicheza. Kitako cha mti kilikuwa kimeachana na chuma, na skrubu zilizunguka bila kushika kitu. Nilipokinusa nusura nicheke: mafuta ya kupikia! Mheshimiwa alikuwa akikipaka kila wageni wakija, eti king'ae, mpaka mti umelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Mti unataka matunzo," akasema, kifua mbele.

Mwenye macho haambiwi tazama, na huyu hana. Nilichimbua matundu yaliyooza, nikayaziba kwa vipande vya mti mgumu na gundi, nikaacha vikauke, kisha nikatoboa upya na kukaza skrubu mpaka zikashika.

Leo karudi, kanuna. "Bado inacheza! Nimekosa tena, mbele za watu!"

Nikaibana kwenye jiriwa, kile kibanio cha chuma kilichofungwa mezani, nikamwambia aitikise kwa nguvu zake zote. Akaitikisa mpaka jasho likamtoka. Bunduki ikatulia tuli.

"Umeona, shemeji? Hapa haichezi. Inaanza kucheza ikifika begani kwako."