Maji Yanayowaka ya Mtoni

Katika mambo yote ambayo Mwalimu Gaspar aliwahi kumwandikia mkewe, lilibaki moja tu ambalo halijaumbuka, na hilo ndilo lililomfanya Jumamosi ile azunguke kwenye ukingo wa hori la Mtoni, pale bahari inapoingia kati ya mikoko, kama kuku anayetaka kutaga. Aliketi juu ya boriti, akasimama. Akaenda kuutazama mtumbwi, akarudi. Akamuuliza mkewe kama ana kiu, na kabla hajajibiwa akaenda kuutazama mtumbwi tena.

Tusimwonee. Gaspar hakuwa mtu mbaya. Alikuwa Mhaya wa Bukoba, mwalimu wa darasa la tatu katika shule moja ya misheni, mwaka wa pili huu akiishi Temeke, na alimpenda Kokushubila kwa moyo wake wote. Ugonjwa wake ulikuwa kalamu. Mdomoni alikuwa mtu wa kiasi, lakini mpe karatasi na wino uone. Mwaka mzima kabla mkewe hajaja pwani alimwandikia habari za nyumba ya bati, kitanda cha springi na baiskeli mpya yenye taa. Kokushubila hakujua kusoma, kwa hiyo barua hizo zilisomwa na katekista baada ya misa, kwa sauti, mbele ya mama mkwe na majirani wote waliokuwa na masikio. Kila aliyesikia alisema binti yule kapata wa kumpata.

Basi binti akapanda meli, akapanda garimoshi, akashuka Dar es Salaam na kikapu chake cha ndizi kavu, akapelekwa kwenye chumba kimoja cha udongo kilichoezekwa makuti, chenye kitanda cha kamba. Hakulalamika. Alizaliwa katika msonge wa nyasi; makuti yangemtisha nini? Kilichomchosha ni kwamba Gaspar, badala ya kucheka na kukiri, aliendelea. Bati lilikuwa njiani linatoka Mombasa. Baiskeli ilikuwa kwa fundi. Miezi mitatu ikapita, baiskeli iko kwa fundi; hata garimoshi lingekuwa limeshapona.

Juma lile kaka yake Kokushubila, Adelard, karani wa kahawa mwenye suruali nyeupe na maneno machache, alifika kuwasalimu. Hakuhitaji kuuliza mengi. Macho anayo. Usiku wa kwanza tu alimwambia dada yake kwamba Jumatatu anarudi, na kwamba ndani ya garimoshi nafasi ipo.

Kokushubila akamwita mumewe nyuma ya nyumba, akazungumza naye kwa Kihaya, polepole, kama mtu anayepima chumvi.

"Baiskeli nimeisamehe. Bati nimelisamehe. Lakini uliniandikia kwamba maji ya huku yanawaka usiku. Ulisema ulipanda mtumbwi, ukatia mkono majini, ukautoa unang'aa mpaka kwenye kiwiko. Barua ile nilimwomba katekista anisomee mara mbili. Nilikuja kwa ajili ya ile, Gaspar, siyo kwa ajili ya kitanda. Nionyeshe. Kama nayo ni uongo, Jumatatu naondoka na kaka, na usinifuate."

Gaspar akasema, bila hata kumeza mate, kwamba hilo ni jambo dogo sana.

Kumbe maskini ya Mungu hajawahi kutia hata kidole katika maji yale. Habari alizipata kwa mwalimu mwenzake, Fransis, wakila mihogo ya kuchoma, naye akaziandika kama zake. Na Fransis mwenyewe alikuwa mtu wa kupenda kutia nakshi. Tangu siku ile Gaspar hakulala. Aligeuka huku, akageuka huku, kitanda cha kamba kikalia usiku kucha.

Ndiyo maana sasa wako Mtoni. Mwenye mtumbwi aliitwa Mwishehe, Mzaramo wa makamo, mcheshi, ambaye mchana alikata boriti za mikoko na usiku wa giza alichukua watu kutoka mjini, Wahindi, Wazungu na yeyote mwenye hamu, akawapitisha horini kutazama maji. Kazi yake aliijua na mdomo wake alikuwa ameuzoesha.

"Viatu mkononi," aliwaambia. "Kiberiti mfukoni, na kikae huko huko. Mie nikisema tieni mikono, tieni. Nisiposema, mikono ni yenu, ishikeni. Haya, jua limezama, maji yamejaa pomoni. Bismillahi, tupande."

"Bado," alisema Gaspar.

"Bado nini, Mwalimu?"

"Tungoje mwezi. Unatoka saa tatu."

Hapa lazima msomaji amwelewe. Kwao Gaspar mtu wa heshima hatoki usiku bila mwezi. Harusi husubiri mwezi, ngoma husubiri mwezi, hata kwenda kumjulia hali shangazi husubiri mwezi. Giza tupu ni la wachawi na fisi. Juu ya hayo hakujua kuogelea, na akilini mwake alijiuliza: bila mwezi mtu ataona nini huko? Angekuwa mtu wa kuuliza, angeuliza. Lakini atauliza vipi jambo ambalo tayari alishalifanya?

Mwishehe alikuna kidevu. "Giza hili ndilo lenyewe, Mwalimu. Huo mwezi ukishatoka..."

"Mara ile uliponichukua tulikuwa na mwezi," Gaspar akamkata, kwa sauti kubwa, ili mkewe asikie.

Mwishehe alimtazama. Alikuwa na kawaida ya kukumbuka kila sura iliyokanyaga mtumbwi wake, na sura hii hakuwa nayo. Neno moja tu lingetosha kumvua mwalimu nguo mbele ya shemeji yake.

"Mara ile," alisema Mwishehe taratibu. "Enhe. Sawa. Mwenye shughuli kasema."

Wakangoja. Muda wa saa mbili nzima. Mbu waliwala, Adelard akaipangusa suruali yake kila dakika, Kokushubila akajifunika khanga mpaka puani. Gaspar alitembea huku na huku, akahesabu hatua, akazisahau, akaanza upya. Mwishehe naye aliyatazama maji yakianza kutoka, akaguna, akaacha.

Mwezi ukatoka, mkubwa, mwekundu, kisha mweupe, ukalimwagia hori lote mwanga. Gaspar akafurahi kama mtoto. "Sasa!" alisema. Wakapanda, Mwishehe akasimama nyuma na pondo lake refu, akausukuma mtumbwi mpaka katikati.

"Tieni mikono," alisema, bila furaha.

Wakatia. Maji yalikuwa ya vuguvugu, yakapita katikati ya vidole, yakang'aa kwa mwezi kama yanavyong'aa maji yote ya dunia, hata ya kwenye karai.

"Mbele kidogo," alisema Gaspar.

Wakaenda mbele kidogo. Wakatia. Maji.

"Ni kule, kwenye ile kona. Nakumbuka vizuri. Mbele kidogo tu."

Alikuwa ameshaanza kusimama, akiegemea huku, akichungulia kule, mtumbwi ukiyumba. "Mwalimu," alisema Mwishehe, "ukisimama tena, maji tutayaona kwa ndani."

Adelard aliutoa mkono wake, akaukung'uta. "Maji haya tunayo Bukoba," alisema. "Na yetu hayana chumvi."

Kokushubila hakucheka. "Turudi," alisema.

Neno lilikuwa moja. Gaspar angeona nafuu kama angetukanwa. Alifungua kinywa ili aseme kwamba leo maji yamechoka, kwamba juzi Fransis aliyaona, kwamba kesho watarudi, na kila uongo alioushika ukamponyoka. Ndipo Mwishehe akainama, akasema kwa sauti ya chini, lakini mtumbwi ni mdogo na kila mtu alisikia:

"Liko tawi moja la hori, kule kushoto. Mikoko imefunga juu, mwezi hauingii. Lakini maji yanatoka. Tukichelewa tutalala kwenye tope na mbu mpaka alfajiri. Semeni nyie."

Kokushubila ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake cha miezi mitatu. "Tupeleke. Nataka imalizike."

Wakaingia. Matawi yakawapiga mabegani, kisha mwanga ukakatika nyuma yao kama mtu aliyefunga mlango. Giza likawa zito hata usingeweza kuuona mkono wako. Mwishehe akashika tawi, akauzuia mtumbwi, akatulia akisikiliza maji. Hakuna aliyejongea. Maji yalikuwa meusi kama giza lenyewe. Hata chembe ya mwanga haikuwamo.

Gaspar akajua kwamba imekwisha. Na jambo la ajabu, moyo uliokuwa ukimpapatika juma zima ukatulia. Labda ni lile giza, ambalo lilifanana na la ndani ya kitubio, ambako mtu humwungamia padri mambo yake kwa sababu hauoni uso anaouambia. Wahenga walisema mficha uchi hazai, naye alikuwa amejificha vya kutosha.

"Koku," alisema kwa Kihaya.

"Naam."

"Sijawahi kufika hapa. Mtu huyu hanijui. Habari za maji alinipa Fransis, nami nikaziandika kama zangu. Baiskeli haiko kwa fundi, kwa sababu haipo. Hakuna bati linalotoka Mombasa. Niliandika vile kwa sababu niliogopa ukijua ninavyoishi hutakuja. Ukaja. Nikaogopa ukijua hutakaa. Kila siku nilisema kesho nitakwambia."

Mbu mmoja alilia karibu na sikio lake. Mwishehe hakujua Kihaya hata neno moja, lakini sauti ile haikuhitaji mkalimani, akaendelea kulishika tawi lake.

"Miezi mitatu," alisema Kokushubila. "Miezi mitatu nimelala na mtu nisiyemjua! Nimempikia, nimemfulia, sijui hata ni nani!" Hasira ikampanda, akainama, akachota maji kwa mikono miwili, akamwagia kule sauti ya mumewe ilikotoka.

Maji yakawaka.

Kumbe yalikuwa yakingoja kutikiswa tu; yaliwaka tangu yanatoka mikononi mwake, rangi ya samawati yenye kijani ndani, yakaruka hewani, yakampiga Gaspar usoni. Na palepale gizani uso wake ukatokea: nyusi, masharubu yake machache, kinywa wazi, macho yanayotiririka machozi. Matone yalimetameta kwenye ukosi wa shati lake. Kisha giza likarudi.

"Yesu na Maria," alisema Adelard.

"Sijasema tieni mikono!" alisema Mwishehe.

Kokushubila alikuwa akiitazama mikono yake. Iling'aa mpaka kwenye viwiko, kama ilivyoandikwa na mtu asiyewahi kuiona. Akachota tena, akammwagia tena. Safari hii haikuwa kwa hasira, alitaka kumwona. Gaspar hakukwepa. Alikaa vilevile, uso mbele, akaloa, akaonekana, akapotea. Akamwagiwa mara ya tatu. Huyu aliyekuwa akimwona kwa muda wa kufumba na kufumbua hakuwa amewahi kuonekana Temeke, wala katika barua yoyote.

Wangeendelea hivyo hadi lini sijui, lakini mtumbwi ukakwaruza chini, ukakaa.

"Nilisema!" Mwishehe akapiga pondo lake topeni, cheche zikaruka kulizunguka. "Nilisema maji yanatoka, na nyie mnaoga! Mwalimu, shuka, sukuma kutoka mbele. Mie nitavuta kutoka huku."

Gaspar alishuka. Yeye ambaye hajawahi kuingia maji ya kupita kifundo alizama katika tope na maji mpaka mapajani, na kila alipojongea maji yakawaka kuzunguka miguu yake, hata akaogopa kuikanyaga ile nuru. Akaweka bega, akasukuma. Mtumbwi haukutikisika. Akasukuma tena, tope likamvuta mguu, akahema kama mbuzi aliyefukuzwa.

Adelard aliitazama suruali yake nyeupe, akalitazama lile tope. "Tumsaidie?" aliuliza, kwa namna ya mtu anayeomba aambiwe hapana.

Kokushubila akainama ukingoni. "Gaspar. Unaweza?"

Kinywa chake kikafunguka kwa mazoea. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, tamu, limevaa na viatu. Mkewe alingoja. Gaspar akalirudisha neno lile tumboni, na alisikia uchungu wake likishuka.

"Siwezi," alisema. "Mguu umekwama, na maji nayaogopa."

Kokushubila akavuta pumzi ndefu. Kisha akaifungua khanga yake ya juu, akaikunja, akamtupia Adelard mapajani.

"Nishikie isilowe, kaka," alisema, akiweka mguu mmoja majini. "Na Jumatatu usinisubiri."