Upande wa Kushoto wa Mama Emérence

Mama Emérence alipitisha uzi katika tundu la sindano namba tisa kwa jaribio moja, kisha akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi.

"Umeona sasa, mutoto wa chuo kikuu?"

Niliona, na nikafurahi. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya udaktari. Yeye alikuwa mshonaji Mkongomani wa miaka sitini na mmoja, jirani yetu hapo mtaani Kisugu. Wiki hiyo alikuwa amelalamika kwamba kila siku anajigonga kwenye ndoo na majiko yaliyo kushoto kwake. Alisema pia, kama jambo la kupita tu, kwamba kaka yake Anselme alifariki Bukavu akiwa haoni hata jua. Sikuuliza zaidi. Nilimpa sindano, na alipoishinda nikatangaza, "Macho yako ni ya msichana, mama."

Siku ya tatu baada ya hapo nilimsindikiza sokoni Nakivubo kupeleka sare za shule alizoshona. Mwaka ule wa 1975, chini ya serikali ya kijeshi, sote tulikuwa tumejifunza kutazama kila upande kabla ya kuinua mguu, kwa sababu askari akikuita kwa mkono hakurudia. Karibu na maduka, askari aliyeegemea ukuta upande wa kushoto aliinua mkono. Mimi nilisimama. Mama Emérence aliendelea kutembea, furushi kichwani, shingo imenyooka.

"Wewe mama! Simama!" Bunduki ilikuwa imekwisha kushuka begani.

Nilimkimbilia nikamshika mkono.

"Mimi naita wewe, wewe napita tu," askari alisema. "Wewe iko na kiburi?"

"Sikukuona, afande."

"Hapana ona? Ndani ya furushi iko nini?"

"Nguo za batoto ba masomo. Nimeshona mimi mwenyewe."

Askari alicheka bila furaha. "Kipofu nashona nguo! Toa sindano. Weka uzi, mimi naona."

Sindano ilikuwa imechomekwa kifuani mwa gauni lake, kama ilivyokuwa siku zote, na uzi umezungushwa juu yake. Alizongoa uzi akachomoa sindano. Nilitamani ashindwe. Nilitamani vidole vile vitetemeke, mara moja tu. Lakini Mama Emérence hakujua kufanya kazi vibaya kwa makusudi. Uzi ulipita mara ya kwanza.

"Mwongo," askari alisema taratibu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Askari alikuwa ameuliza swali lilelile nililouliza mimi, naye akapata jibu lilelile la kupotosha. Tundu la sindano lilikuwa mbele ya macho ya Mama Emérence. Askari alikuwa pembeni. Kuna ugonjwa wa watu wazima uitwao presha ya macho, ambao humega uwezo wa kuona kutoka kandoni, pole pole, bila maumivu, na kuiacha katikati hadi mwisho. Nao hufuata ukoo. Anselme!

"Afande," nilisema, "simama hapa, kushoto kwake. Mama, tazama mbele tu, utuambie afande anafanya nini."

Askari alisogea. Alipunga mkono. Kisha akanyoosha ngumi hadi karibu kabisa na shavu lake.

"Ameshaanza?" Mama Emérence aliuliza.

Muuza ndizi mmoja aliangua kicheko, akakimeza haraka. Askari hakucheka. Aliitazama ngumi yake.

"Mama yangu nyumbani iko hivi," alisema. "Nagonga mlango, nagonga watoto. Sisi nasema amekunywa." Alirudisha bunduki begani. "Hiyo ugonjwa jina yake nini?"

Nilimwambia. Alilirudia mara mbili, akatuachia.

Hospitalini, nilikompeleka Mama Emérence, daktari alipima presha ya macho yake na hakumficha kitu: kilichopotea hakitarudi, lakini matone mara nne kila siku, maisha yote, yangeweza kulinda kilichobaki.

"Maisha yote ya nani?" Mama Emérence aliuliza. "Yangu ao ya dawa?"

Swali lilikuwa la haki, maana dawa zilikuwa zikipotea mjini mwezi baada ya mwezi. Alimwagiza Hippolyte, mfanyabiashara wa vitambaa, amletee chupa kutoka Nairobi, akazilipa kwa kumshonea mashati. Kila asubuhi alifunga mafundo manne ya uzi mwekundu kwenye cherehani, na kila alipotia dawa alifungua moja. Matone yalimtia ukungu na maumivu ya paji kwa karibu saa nzima. Saa hiyo alishona pindo nene, akaweka matundu ya vifungo kwa baadaye. Binti yake, Emérence mwenyewe, alipelekwa kupimwa kabla hajamaliza kubisha. Nimesoma vitabu vingi vinavyosifu ushujaa, lakini niliuona kwa macho yangu katika mafundo yale.

Baada ya miezi saba tulipita Nakivubo tena. Furushi sasa alilibeba mkononi, ili shingo iwe huru. Kila hatua chache aligeuza kichwa chote kushoto, bila haya, kisha kulia. Penye ukuta ule alisimama kabla yangu.

"Habari ya asubuhi, afande!"

Alikuwa askari mwingine, bado hajainua mkono. Aliitikia kwa mshangao, akatuashiria tupite.

Tulipofika mbali, Mama Emérence alinisogelea.

"Kiatu yake ya kuume," alininong'oneza, "haina kamba."