Kitabu cha Kliniki Kilichoota Majani

Jumanne, saa nne asubuhi, Wamuyu alikuwa ameketi katika wodi ya wazazi mjini Nakuru, mkoba mapajani, thamosi miguuni. Mbele yake alilala mke wa mwanawe, Shiru. Mimba ilikuwa ya miezi saba na uchungu ulikuwa umemjia kabla ya wakati. Muuguzi Chepkosgei alifungua kitabu cha kliniki, akauliza habari za presha, za damu, kisha kama mgonjwa ametumia dawa za kienyeji.

Shiru akamtazama mama mkwe wake. Angefanya nini? Kwao Njoro mke wa mtu hamwaibishi mama mkwe mbele ya watu.

"Hakuna, sister," Wamuyu akajibu. "Amekunywa chai tu."

Chepkosgei akaandika: hakuna. Karatasi ikapasuka juu ya neno hilo na chipukizi likatokeza, majani mawili mabichi. Muuguzi akalikata kwa mkasi wa nyuzi, akalitupa kwenye ndoo. Likaota tena. Akasema hicho kilikuwa kitabu cha sita wiki hiyo, na afadhali hiki hakikuwa na miiba.

Wamuyu aliyajua majani yale, maana magome ya mti wake aliyachemsha mwenyewe. Marehemu mama yake aliwapa wajawazito wenye maumivu ya mgongo kibuyu kimoja kidogo, basi. Kama kuna waliodhurika, hawakusema. Kibuyu kilishapasuka, na Wamuyu, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mtu asiyependa vitu vidogo, akampimia Shiru thamosi ya lita mbili. Asubuhi thamosi, jioni thamosi, siku tatu mfululizo. Tena alikuwa akisimama pale mpaka tone la mwisho linyweke.

Chepkosgei akamsogelea, akasema kwa sauti ya chini:

"Shosho, mficha uchi hazai. Niambie ni nini na ni kiasi gani, daktari ajue atampa nini."

Mlangoni walikuwa wamefika akina mama wa kanisa na uji wao, Tabby mbele. Wamuyu aliwaona. Aibu ilimpanda hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

"Nimesema ni chai," akasema. Chipukizi la kitabuni likatoa tawi.

Mtoto alizaliwa saa nane, msichana, akapumua mpaka jioni. Kwa desturi msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya yake mzaa baba, kwa hiyo kwenye cheti cha kifo aliandikwa Wamuyu.

Walirudi na kitabu nyumbani. Kwa kuwa hakikuingia tena kwenye droo, Lewis, mume wa Shiru, alikipanda kando ya tangi la maji. Baada ya wiki tatu mti ulifika kwenye paa, jina la Shiru likisomeka vizuri kwenye shina. Jirani mmoja aliomba kufungia mbuzi wake hapo, akaruhusiwa. Kila asubuhi Shiru alifagia majani yaliyoanguka, maziwa yakimlowesha blauzi, wala hakumwambia Wamuyu neno. Wamuyu angeona heri atukanwe.

Jumapili moja Tabby alipitia hapo kutoka kanisani. Akaushika mti, akayasifu magome yake. Bintiye Kimberly alikuwa na mimba ya miezi sita na mgongo ulikuwa ukimsumbua.

"Mama Lewis, si huu ndio ule wa mgongo?"

"Ndio huo."

"Hauna madhara?"

Shiru aliacha kufagia. Wamuyu alikuwa na jibu. Alikuwa amelipanga kichwani tangu siku ya mazishi, neno kwa neno, lakini mwanzo wake ulikuwa ule uongo wa wodini, mbele ya huyu huyu Tabby.

"Mpe kidogo tu," akasema.

Tabby akasema kidogo hakitamsaidia Kimberly, na mwili wote ule.  Wamuyu akaingia jikoni kumletea kisu.