Yai Lisilo na Choo

Kacha, kacha, kacha. Umeme ulikuwa umekatika kabla hakujapambazuka, na mkasi wangu ulisikika chumba kizima kama panya mwenye haraka.

"Mama watoto," mume wangu alinguruma kutoka kitandani, "unakata nini giza lote hili?"

"Watu."

"Wangapi?"

"Arobaini."

"Haya. Ukishawamaliza hao wa karatasi, mimi niache nilale."

Wala si utani, ndiyo kazi yangu. Katika ofisi ya Msanifu, mchora majengo hodari kuliko wote (kwa maneno yake mwenyewe), mimi ndiye mkata watu. Kila jengo, kabla halijajengwa, hutengenezewa modeli, yaani jengo dogo la kadibodi la kuweka mezani, na modeli bila watu hupooza. Basi nakata watu wa urefu wa kidole gumba na kuwabandika milangoni. Jioni nasomea uchoraji ramani, na mwalimu wetu anasema siku moja nitachora hata kuta. Namwamini. Kuamini hakuna karo.

Watu wa Msanifu wana masharti. Wawe wembamba, wawe wanatembea. Asionekane aliyekaa, asionekane aliyebeba kitu. Siku niliyokata mwanamke mwenye mtoto mgongoni, Msanifu alimng'oa kwa kucha mbili kama kupe. "Anaharibu mstari," alisema.

Miaka thelathini amechora mahoteli na mabenki, na tuzo zimejaa ukuta wa ofisi. Ni moja tu iliyomkwepa, tuzo ya kuitumikia jamii. Ndipo uchungu wa jamii ukamshika ghafla, kama mafua. Akajitolea kuchora, bure bilashi, kliniki mpya ya mama na mtoto mtaani kwetu. Akaiita Yai.

Msukumo, alitusimulia huku amefumba macho, ulimjia mezani asubuhi. Alilimenya yai la kuchemsha, akalitazama, akashindwa kulila. Habari za yai hilo zimejaza kurasa tisa, na katibu muhtasi amezichapa zote bila kucheka, Mungu ampe nguvu. Kliniki yenyewe ni nyeupe, ya mviringo, haina kona hata moja. Benchi hakuna. Kibaraza cha kujikinga na jua hakuna. Choo hakuna.

"Bosi," nilimwambia kwa adabu zote, "kliniki huwa tunasubiri tangu asubuhi mpaka saa saba. Tutakaa wapi?"

"Jengo zuri halikaliwi, dada. Linapitiwa."

"Na choo?"

"Wewe umewahi kuona yai lenye choo?"

Mahali yai linapotokea napajua vizuri, lakini nilinyamaza. Nina mtoto wa kulisha.

Ila kulikuwa na fomu. Bila kina mama wa mtaa kusaini kwamba wameuona mchoro na kuukubali, hakuna ujenzi wala tuzo. Wakisaini, kliniki ya sasa ingevunjwa. Ni kibanda kibovu, kweli, lakini kina choo na mabenchi mawili, na mimi bado natamani kuzaa. Kikao kilikuwa asubuhi ileile. Nilitumwa kutangulia na modeli kwenye darasa la shule, niifunike kitambaa, kisha niwakusanye kina mama wa kuitikia kwa vichwa mbele ya kamera.

Niliwakusanya. Kabla ya hapo, nilibandika watu wangu arobaini.

Msanifu aliingia na miwani yake myekundu, akifuatana na mpiga picha na mama mmoja mtaratibu kutoka kamati ya tuzo. Alizungumza juu ya yai mpaka vichanga wakalala. Kisha akavuta kitambaa.

Yai lilikuwa limezungukwa na foleni. Watu arobaini: wanawake wa kusimama kwa mguu mmoja, wa kushika kiuno, wa kukaa chini wamenyoosha miguu, wenye watoto mgongoni. Kando ya ukuta mweupe, mtoto alikuwa amechuchumaa.

"Haa! Huyu si mimi huyu? Na tumbo langu!" mama mmoja alipiga kelele.

"Na huyu aliyechuchumaa?"

"Mwanao huyo. Choo hakuna, ulitaka afanyeje?"

Darasa likaangua kicheko. Mama Mizani, nesi anayetupimia watoto, alisogea akainama juu ya modeli.

"Fundi, mizani yangu naitundika wapi? Ukuta wako umepinda kama mlevi."

"Mimi ni msanifu, si fundi."

"Samahani, baba. Msanifu, naitundika wapi?"

Msanifu alinigeukia mimi, na shingo yake ikawa rangi ya miwani. "Tutaonana ofisini," alisema akiuma meno. Nilikaa nikampakata mwanangu, niliyekuja naye, ili nipate cha kushikilia.

Mama Mizani aliichukua ile fomu, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: BENCHI. KIBARAZA. CHOO. UKUTA ULIONYOOKA, HATA MMOJA.

"Tia sahihi yako hapa, na sisi tutatia zetu. Hutaki, beba yai lako ukalichemshe."

Msanifu alifungua mdomo. Lakini yule mama wa kamati ya tuzo naye alikuwa amepiga magoti mbele ya modeli, anawatazama watu mmoja mmoja.

"Kati ya modeli zote nilizowahi kuona, hii ndiyo ya kwanza yenye foleni," alisema. "Hili ni wazo la nani?"

Nimeona kinyonga akibadilika rangi. Huchukua muda. Msanifu hakuchukua muda wowote. Alitoa kalamu, akatia sahihi chini ya CHOO, akaiweka miwani sawa.

"Miaka yote," alisema, sauti ikitetemeka vizuri, "msukumo wangu umekuwa foleni. Nimewatazama kina mama hawa wakisubiri, nikaumia."

Kina mama wakatazamana. Mtaani kwetu hajawahi kukanyaga hata kwa kupotea njia. Lakini kalamu ilikuwa inazunguka, wote wanasaini, nami nikasaini. Abebe sifa, nilijisemea, sisi tumepata pa kukaa. Mpiga picha akainua kamera.

Mwanangu wa miaka minne akasimama mapajani mwangu, akanyoosha kidole.

"Hao watu amewakata mama."