Lumbalumba katika Wali wa Matanga

Alhamisi ile Sefu, fundi cherehani, alipochukuliwa, mkewe Nyota alikuwa anachagua mawe katika mchele. Ilikuwa Novemba 1964. Stanleyville ilikuwa imekombolewa siku mbili tu, na wakombozi walikuwa na kazi nyingi. Waasi walipoushika mji mwezi wa nane walimpenda sana Sefu, kwa sababu anajua kushona. Walimletea mashati ya maofisa wao ayapunguze. Askari wa serikali nao walimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Walimwambia Nyota, kwa adabu zote, kwamba ni maswali matatu tu, kisha gari likashika barabara ya Kapalata. Lazima yalikuwa maswali marefu.

Baada ya miezi mitatu Hemedi, mdogo wake Sefu, alizidiwa na huzuni. Huzuni ilimbana hasa kila alipoiona cherehani ya kaka yake imekaa bure, ndani ya nyumba yenye mabati mapya. Akatangaza hitma ya Ijumaa: Sefu aombewe kama marehemu, Nyota aingie eda, na eda ikiisha yeye Hemedi, kwa kujitolea, amrithi shemeji yake, cherehani ikiwemo. Nyota alisema hakuna aliyeuona mwili. Hemedi akamjibu kwamba mwaka ule miili ilikuwa haionekani, kama chumvi madukani.

Wangwana, Waislamu wa mtaa ule, walikuwa na desturi yao. Wali wa matanga unatiwa chumvi peke yake. Hautiwi kitunguu wala jani, kwa sababu harufu nzuri ni ya nyumba yenye bwana. Tena wanaopika ni majirani, si mke. Lakini Hemedi alikuwa mtu wa kujua kula. Wali wa majirani, alisema, unakuwa uji. Apike Nyota mwenyewe. Hiyo ndiyo amri yake ya kwanza kama mkubwa wa ukoo.

Nyota alitii. Aliosha mchele mara tatu, akauanika kidogo kwenye ungo, akaukaanga pamoja na kitunguu na kitunguu saumu mpaka punje zikaanza kulia ndani ya sufuria. Akatia maji ya moto. Maji yalipokaribia kukauka, alichoma matundu kwa mpini wa mwiko, akashindilia humo majani ya lumbalumba, yale ya kunukia, aliyoyaponda kwa viganja, akafunika kwa jani la mgomba na kuweka makaa juu.

Barazani wanaume walikuwa wameketi kwenye mkeka, nyuso zimeandaliwa vizuri kwa kilio. Mwalimu alikuwa amefungua msahafu. Nyota akafunua sufuria.

Harufu ilipita uani, ikaingia barazani bila kubisha hodi. Mzee mmoja aliyekuwa analia alisahau kuendelea. Mwalimu aliinua kichwa, akavuta pumzi, kisha akamwita Nyota.

“Mama, hapa kuna matanga ao kuna nini?”

“Hapa kuna chakula ya muchana, mwalimu. Bwana yangu alitoka, hayarudi bado.”

“Donc unatuchezea, shemeji?” Hemedi alisema. “Mbele ya watu?”

“Weye ndiye ulisema nipike. Mimi najua kupika wali ya bwana yangu. Ya marehemu sijafundishwa.”

Mwalimu alifunga msahafu polepole. Alisema hawezi kumsomea hitma mtu ambaye mkewe bado anampikia. Arudi atakayeleta shahidi aliyeona kaburi. Hemedi alitazama huku na huku akitafuta shahidi. Wenzake walikuwa wanatazama sinia.

Hawakuondoka na njaa, haingekuwa adabu. Hemedi, kwa uchungu aliokuwa nao, alikula mara tatu.

Sasa ni mwaka wa kumi na mbili. Mji unaitwa Kisangani, na nchi nayo imepewa jina jingine. Sefu hajarudi, na shahidi wa kaburi hajapatikana. Mwezi uliopita walipita watu wa kuandika wakaaji, nyumba kwa nyumba, na mbele ya jina la Nyota wameandika: ameolewa.