Upande Usiokuwa na Milango

"Ukikigusa tena hicho kitabu cha duka na huo mkasi, Marion, mimi na wewe tutakosana!"

"Lakini Mama, ni karatasi tu! Mwalimu anataka picha za vitu vya kuchezea vya zamani, tena kesho asubuhi. Na duka lenyewe ulisema lilifungwa kabla sijazaliwa."

"Nimesema hapana," Mbinya alisema.

Luseno, mumewe, aliyekuwa akipiga pasi shati la kazi karibu na dirisha, aliangua kicheko. "Kumbe! Mama Marion leo amekumbatia takataka. Viatu vyangu vya harusi ulimpa mlinzi wa langoni bila hata kunibishia hodi."

"Viatu vyako vilikuwa na matundu, Baba Marion."

"Na hicho kitabu je? Mende wamekila mpaka mgongoni."

Katika nyumba hii ya Donholm, Nairobi, kitu kisichotumika mwaka mzima huonyeshwa mlango. Mbinya aliketi, akakipakata kile kitabu kama mtoto mwenye homa.

Kilikuwa kitabu cha bidhaa za Krismasi, cha duka kubwa la katikati ya jiji. Baba yake, Wathome, alirudi nacho siku moja alipopeleka vinyago kwa wanunuzi mjini. Enzi hizo waliishi Majengo, chumba kimoja, vumbi la mbao likitua hata kwenye ugali. Mbinya na kaka yake Kitonga walikuwa na sheria yao: ukurasa ukifunuliwa, wa kwanza kuigonga picha kwa kiganja na kusema "changu!" ndiye mwenye kitu. Hivyo ndivyo Mbinya alivyopata kumiliki treni, piano na wanasesere tisa, naye hajavaa kiatu.

"Halafu tukafika hapa," alimwambia Marion, akifunua ukurasa wa gari jekundu. "Viganja vilitua pamoja. Tuling'atana, mwanangu. Baba alichukua kipande cha mti, akatuchongea gari."

"Kama hili hili?"

"Alichonga alichokiona. Picha ina upande mmoja, naye akachonga upande mmoja: milango miwili, vioo, mpaka vitasa. Upande wa pili ulikuwa laini kama kisigino cha kichanga."

"Kosa la fundi!" Luseno alidakia. Alikijua kisa hicho. Kilichekesha watu kila sherehe, na hata matangani kwa mzee mwenyewe kilifuta machozi.

Marion hakucheka. "Kwani Babu hakuwa amewahi kuona gari?"

Mbinya aliitazama tena picha. Magari yalipita mbele ya kibanda cha baba yake kutwa kucha, yakimtimulia vumbi. Na mtu yule alichonga tembo wenye masikio mawili, wenye kucha hata kwenye miguu ya nyuma, ambako mnunuzi haangalii.

Akaukumbuka ule upande laini. Asubuhi Kitonga aliuchora milango kwa mkaa, gari likawa la polisi. Jioni yeye aliufuta kwa kitambaa kibichi, akachora madirisha mengi, likawa basi la kwenda Machakos kwa nyanya. Walipigania mto, walipigania nyama, walipigania hata nafasi ya kulala ukutani. Lile gari hawakulipigania hata siku moja.

"Labda hakukosea," alisema, polepole.

Luseno aliisimamisha pasi.

Gari lenyewe lilipotea zamani, walipokuwa wakihama. Miaka yote hii Mbinya alikuwa amelinda picha ya upande uliokamilika, ule ambao wao wawili hawakuwahi kuuongezea hata mstari. Aliitazama mikono ya binti yake, yenye madoa ya gundi tayari.

"Lete mkasi."

"Nikate mimi?"

"Nitakata mimi. Wewe shika ukurasa, uvute kidogo."

Alikata akifuata mkunjo wa kioo, akazunguka gurudumu bila haraka. Karatasi ilikuwa imezeeka, haikutoa hata sauti. Marion aliinama, akachungulia chini ya mkasi.

"Mama, huku nyuma ya ukurasa unakata picha za sufuria!"

"Sufuria ziko jikoni," Mbinya alisema, na mkasi haukusita. "Shika vizuri."