Njiti Tatu za Meneja

Mdogo wangu tunamwita Meneja, kwa sababu nyumbani yeye ndiye anayepanga nani akae wapi mezani na nani anyamaze. Ana miaka kumi na sita. Kujifunza kwake ni polepole, amezaliwa hivyo, na shule mbili zimeshamrudisha kwetu na barua za upole.

Mimi nina ishirini na mbili. Siku za kazi napiga pasi nguo za watu kwa dobi. Jumamosi naongoza skauti kwenye uwanja wa shule. Nilipomwingiza Meneja kikosini nilijiona nimefanya jambo kubwa. "Hapa hatumbagui mtu," nilitangaza. Kisha nikaanza kumfunga kamba za viatu, kumbebea mkoba, na kumjibia maswali kabla hajafungua mdomo. Wenzake watano wa kundi lake walinitazama tu.

Ikafika siku ya beji ya upishi. Sharti ni kuwasha moto kwa njiti tatu za kiberiti, bila mafuta ya taa, kisha kuwapikia wenzako viazi. Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, dereva wa lori, mwenye sauti kama honi.

"Nani anaanza?"

"Mimi," akasema Meneja.

Mimi nilikuwa nimemwandikisha kuosha viazi.

"Huyu bado..." nikaanza.

"Nimemsikia mwenyewe," dereva akanikatiza.

Mwingine angepanga kuni kwa dakika kumi. Meneja alichukua karibu saa nzima. Alichana vijiti vikawa vyembamba kama nyuzi, akavipanga huku akijisemesha: "Vidogo chini. Hewa ipite. Vikubwa vingoje zamu." Jua likapanda. Nikamnong'oneza dereva kwamba tunachelewa, labda tumsaidie kidogo.

"Kanuni inasema njiti tatu," akajibu. "Haisemi dakika ngapi."

Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikawaka, ikashika, ukatoka ulimi mdogo wa moto. Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikaruka, nikapiga magoti, nikapuliza kwa pumzi zangu zote.

Pfuu! Ukazimika.

Meneja akashika kiuno.

"Dada, umeuzima moto wangu."

"Nilitaka kukusaidia, mdogo wangu."

"Nilikuomba?"

Nikainuka, nikajipangusa vumbi magotini.

"Toka jikoni kwangu. Kakae pale."

Msichana mmoja wa kundi lake, mrefu hata tukamwita Mlingoti, akaangua kicheko, na wote wakamfuata. "Dada kiongozi, leo umepatikana!"

Nikaenda kukaa kwenye benchi, uso unanichoma kwa aibu. Na hapo, nikiwa sina kazi ya kufanya, ndipo nilipoona. Hakuna aliyekuwa na haraka naye isipokuwa mimi. Mlingoti alikuwa ametanua skafu yake kukinga upepo, kwa sababu Meneja amemwagiza. Wengine wameshika sufuria na maji, wanangoja amri. Siku zote nilidhani nimemfungulia mlango, kumbe nimesimama katikati ya mlango wenyewe.

Ikabaki njiti ya tatu. Akaikwaruza taratibu, akaikinga kwa kiganja, akaichomeka chini kabisa. Moshi. Moshi tena. Kisha vijiti vikaanza kulia ta-ta-ta, na moto ukasimama.

"Umewaka!" Meneja akapaza sauti, akamkumbatia Mlingoti hadi skafu nusura iingie motoni. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, lakini sikunyanyuka kwenye benchi. Sikuthubutu.

Viazi vilizidi chumvi hadi vinamtoa mtu machozi. Dereva alikula vinne, akashushia kwa vikombe vitatu vya maji, akaandika kwenye daftari lake: amefaulu.

"Hata na chumvi hii?" Mlingoti akauliza.

"Chumvi ni mkono kuteleza," dereva akasema. "Moto ni kazi ya kichwa."

Meneja aliyasikia maneno hayo. Akayarudia kimyakimya, midomo ikichezacheza, kama mtu anayehifadhi njia ya kwenda mahali. Kisha akanijia na bakuli, akaniwekea mapajani.

"Sasa unaweza kusogea," akasema. "Kula."

Nikala vyote, nikaomba vingine.